Twilight, filamu zote tano: ipi inafaa na nakala gani ichukuliwe

Ukiingia laibrari ya filamu Wandegeya au Kisenyi, mjini Kampala, ukaomba mapenzi ya vijana yenye vampaya, muuzaji hatauliza swali la pili. Atafungua folda moja, atakujazia faili tano kwenye flashi, na kazi imekwisha. Lakini faili hizo tano hazilingani hata kidogo. Ya kwanza na ya tatu ni filamu nzuri, zinastahili kutazamwa kwa utulivu zikiwa na sauti yake ya asili. Ya pili ina dakika chache zinazozishinda zote, ila katikati inakokota miguu. Mbili za mwisho, Breaking Dawn, ni za mtu aliyekwisha kunaswa na hadithi na anataka kujua iliishaje. Tena ile ya mwisho kabisa inavunja ahadi ambayo zilizotangulia ziliijenga kwa zaidi ya saa nane.

Filamu hizi zimetokana na riwaya nne za Mmarekani Stephenie Meyer, ya kwanza ikiwa imechapishwa 2005. Melissa Rosenberg aliandika miswada ya filamu zote tano, ila waongozaji walibadilika. Twilight ya 2008 ni kazi ya Catherine Hardwicke, New Moon ya 2009 ni ya Chris Weitz, Eclipse ya 2010 ni ya David Slade, na Breaking Dawn zote mbili, za 2011 na 2012, ni za Bill Condon. Ndiyo maana rangi, mwendo na hata namna waigizaji wanavyonong'ona hubadilika ukitoka moja kwenda nyingine. Kristen Stewart ni Bella, msichana anayehamia kwa baba yake Forks, mji mdogo wa mvua katika jimbo la Washington. Robert Pattinson ni Edward, vampaya aliyezaliwa 1901 na kugeuzwa 1918 alipokuwa akifa kwa homa kubwa ya mafua. Taylor Lautner ni Jacob, kijana wa Waquileute, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, ambaye damu ya ukoo wake humgeuza mbwamwitu. Filamu ya kwanza iligharimu kama dola milioni 37, fedha ndogo kwa Hollywood, na zote tano pamoja ziliingiza zaidi ya dola bilioni 3.3.

Mapenzi ya mtu na kiumbe asiye mtu husimama au huanguka kwa masharti. Watazamaji wa Uganda hawahitaji kufundishwa hili, kwa sababu wamekua na kisa cha Kintu na Nambi. Binti wa Ggulu anampenda mtu wa duniani, mtu huyo anapewa mitihani, anaishinda, kisha wanaambiwa waondoke mapema na wasirudi nyuma hata wakisahau kitu. Wanasahau ulezi wa kuku, mmoja wao anarudi kuuchukua, Walumbe anawafuata, na tangu hapo watoto wao wanakufa. Sharti liko wazi, linavunjwa kwa jambo dogo, na malipo hayasamehewi. Ipime kila filamu ya aina hii kwa kipimo hicho: sharti ni lipi, nani analivunja, analipa nini. Filamu isiyo na malipo itakupa nyuso nzuri na nyimbo, basi.

Twilight ya kwanza inajua masharti yake. Edward hanywi damu ya watu, anakunywa ya wanyama, na damu ya Bella humvuta kuliko ya mtu yeyote. Anasoma mawazo ya kila mtu isipokuwa ya Bella. Jua halimuunguzi, ila linaimetesha ngozi yake, kwa hiyo siku za jua hafiki shule. Mambo haya filamu haiyahubiri, inayaonyesha. Tazama wanapokutana kwenye maabara ya baiolojia: Bella anapita mbele ya feni, upepo unarusha nywele zake kuelekea kwa Edward, naye anaziba pua na kushika ukingo wa meza kama mtu anayetaka kutapika. Nyuma ya kiti chake kuna bundi mweupe aliyekaushwa, na kamera imepangwa hivi kwamba mabawa ya ndege huyo yanaonekana yakitoka mabegani mwa Edward. Anayetazama simuni haoni bundi, na anayetazama nakala iliyokatwa pande kulijaza skrini hupata nusu ya bawa. Katika picha moja hiyo Hardwicke amekupa malaika na mwuaji kwa pamoja.

Rangi ya buluu iliyotanda filamu nzima imekusudiwa, nakala yako haijaharibika. Usijaribu kuirekebisha kwenye televisheni. Ukiiondoa, ngozi za vampaya zinakuwa chokaa tupu, na hata hivyo poda yao ni nzito: kwenye nakala safi ya 1080p utauona mstari shingoni mahali poda inapoishia. Mchezo wa besiboli wakati wa radi, wenye muziki wa bendi ya Muse, unapendwa kwa haki. Una sharti ndani yake (wanacheza penye radi ili mshindo wa mpira usisikike mjini), na ndiko hatari inakoingilia, kwa vampaya watatu wanaowinda watu. Mahali filamu inapoanguka ni msituni, pale Bella anapomtajia Edward kwamba amemtambua. Maneno yametiwa chumvi nyingi, na kamera inawazunguka mpaka kichwa kinauma.

Jambo jingine linafaa kusemwa kwa mtazamaji wa hapa. Kampala ya enzi za ukoloni ilikuwa na uvumi wa bazimamoto, wazima moto waliosemekana kukamata watu gizani na kuwatoa damu. Kwingine Afrika Mashariki waliitwa mumiani au chinjachinja. Mnyonyadamu wa masimulizi yetu alikuja na gari, ndoo na amri ya serikali. Hakuna aliyempenda. Kwa hiyo vampaya anayependeka lazima ashawishi kutoka mwanzo, na filamu ya kwanza inashawishi kwa sababu inakubali kwamba Edward ni hatari. Anamwambia Bella hivyo mara kwa mara, na mwili wake unathibitisha.

New Moon, dakika 130, ndiyo inayogawa watu. Weitz aliondoa buluu akaleta dhahabu na kahawia, muziki ukapewa Alexandre Desplat, na Edward anaondoka mapema kabisa. Kisha inakuja sehemu bora ya mfululizo mzima. Bella amekaa kwenye kiti mbele ya dirisha, kamera inamzunguka taratibu, na kila mzunguko nje pamebadilika huku jina la mwezi likitokea: Oktoba, Novemba, Desemba. Hakuna anayesema neno. Filamu nyingi za vijana hutumia nusu saa ya machozi kusema jambo hilo hilo na haziliwezi. Baada ya hapo ni pikipiki, karakana, Jacob aliyekata nywele na kufunga misuli (Lautner aliongeza kilo kama 14 ili asibadilishwe na mwigizaji mwingine), na mwendo unalegea kwa karibu saa nzima. Unaamka tena Italia, kwa Volturi, wazee wa vampaya wenye sharti moja kali: mwanadamu akijua siri, ageuzwe au auawe. Mji unaoitwa Volterra kwenye hadithi ulipigwa picha Montepulciano. Michael Sheen akiwa Aro anacheza kwa furaha ya kutisha, na Dakota Fanning akiwa Jane anaumiza watu kwa kuwatazama tu.

Eclipse ndiyo iliyokamilika zaidi. David Slade alikuwa ametengeneza filamu ya kutisha ya vampaya kabla ya hii, na inaonekana: mapigano yanaeleweka, unajua nani yuko wapi. Vampaya wakivunjwa hupasuka kama jiwe, hawatoki damu, na ndivyo filamu ilivyobaki PG-13 (daraja la Marekani linaloonya kuhusu watoto walio chini ya miaka 13) ikiwa na vichwa vinavyong'oka. Lakini sababu ya kuipenda ni hema. Bella yuko mlimani kwenye theluji, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Edward anampenda lakini mwili wake ni baridi, akimkumbatia atamwua. Jacob ana joto la mbwamwitu, anaweza kumwokoa, na ni mshindani wake. Edward analazimika kukaa kando akiwatazama, huku akisoma kila wazo la Jacob. Masharti yote yaliyowekwa tangu filamu ya kwanza, baridi, joto, kusoma mawazo, yanakutana ndani ya hema moja na kuwaumiza wote watatu. Mwandishi anayetaka kuandika mapenzi ya kimiujiza aitazame sehemu hiyo akiwa na kalamu.

Humo humo Rosalie, dada wa Edward, anamweleza Bella jinsi alivyogeuzwa na alichopoteza: kuzeeka na mume, watoto, wajukuu. Anampa bei ya jambo analolitaka. Ishike kichwani bei hiyo, kwa sababu filamu mbili zinazofuata zitaifuta.

Breaking Dawn sehemu ya kwanza, dakika 117, inatumia karibu nusu ya muda wake kwa harusi na fungate. Harusi imepambwa vizuri, na sehemu za Brazili zinapendeza macho. Kisha mimba, na hapo ghafla inakuwa filamu ya kutisha mwili: Bella anakonda mpaka mifupa ya uso inaonekana, na anakunywa damu kwa mrija kutoka kwenye kikombe chenye kifuniko. Stewart ni mzuri sana humu. Tahadhari moja si ya kupuuza. Sehemu ya kujifungua ina mwanga unaomweka kwa kasi, mwekundu na mweupe. Mwaka 2011 huko Marekani ziliripotiwa habari za watazamaji walioshikwa na degedege ukumbini, na Epilepsy Foundation ikatoa onyo. Mwenye kifafa, au anayeshukiwa kuwa nacho, aipishe sehemu hiyo. Kwenye kibanda chenye giza na projekta, mwenye ukumbi atangaze kabla.

Sehemu ya pili, dakika 115, ndipo hadithi inaposaliti masharti yake. Tuliambiwa vampaya mpya huwa mnyama kwa mwaka mzima; Eclipse yote ilikuwa juu ya jeshi la wapya wasiojizuia. Bella, aliyegeuzwa baada ya kujifungua, anaamka, anasikia harufu ya mtu anayepanda mwamba, anajizuia siku ile ile. Tuliambiwa atampoteza baba yake. Charlie anaendelea kuja kumwona. Tuliambiwa hatazaa, ana binti. Jacob aliyeumizwa naye anapata fungu lake kwa kufungamanishwa na binti huyo mchanga, jambo ambalo filamu inalisukuma haraka kwa sababu haiwezi kulitetea. Vita vya mwisho havimo kwenye riwaya, viliongezwa, na ni vya kusisimua kweli: watu tuliowazoea wanakufa mmoja baada ya mwingine kwenye theluji na ukumbi unapiga kelele. Kisha tunaonyeshwa kwamba yalikuwa maono tu ya Alice, dada wa Edward anayeona yajayo. Kama mchezo wa kumshangaza mtazamaji umefaulu. Kama mwisho wa hadithi, ni deni lililofutwa. Kintu hakufutiwa.

Sura ya Renesmee, binti wa Bella, nayo ni kasoro ya wazi. Waliweka uso wa kompyuta juu ya mtoto mchanga, na macho yanakataa kuikubali. Mackenzie Foy anapoingia kwa uso wake mwenyewe mambo yanatulia.

Sasa nakala, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha na jioni yao.

Anza na urefu. Bofya faili na usome muda kabla hujalipa: 122, 130, 124, 117, 115, kwa mpangilio. Ya kwanza ikisoma 117, usiogope, haijakatwa. Imetolewa kwenye diski ya mfumo wa PAL, ambao huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 pungufu kidogo, kwa hiyo filamu yote inakwenda kasi kwa asilimia nne na sauti inapanda kidogo. Ikisoma 100 au chini, kuna sehemu zimeng'olewa. Nakala za VJ, msimulizi anayetafsiri filamu juu ya sauti yake, mara nyingi hugawanywa A na B. Hakikisha zote mbili zimo, na kwamba B ni ya filamu ile ile. Breaking Dawn huandikwa pia "Twilight 4" na "Twilight 5", na mara nyingine faili moja hunakiliwa mara mbili kwa majina hayo mawili. Fungua zote uone mwanzo wake: ya nne inaanza na mwaliko wa harusi, ya tano inaanza na Bella mwenye macho mekundu.

Tofauti ile ya PAL ndiyo pia chanzo cha maandishi ya tafsiri yanayoachana na midomo. Maandishi yakiwa nyuma kwa kiasi kile kile kutoka mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu kwenye kompyuta, bonyeza G au H mpaka yakutane. Lakini yakianza sawa kisha yakazidi kuachana kadiri filamu inavyokwenda, mpaka mwishoni tofauti ni dakika tano, G na H hazitakusaidia. Hapo faili ya maandishi ni ya kasi nyingine. Fungua dirisha la ulinganishaji na ubadilishe kasi ya maandishi, au tafuta maandishi yaliyotengenezwa kwa nakala yako. Faili ya maandishi iwe na jina lile lile la filamu, herufi kwa herufi, ndipo televisheni itaiona.

Picha ipo, sauti hakuna: sauti ya faili ni ya DTS au aina nyingine ambayo televisheni yako haina kibali chake. Omba yenye AAC. Sauti ipo, picha hakuna: faili imebanwa kwa H.265 na televisheni ni ya zamani. Omba H.264. Faili inakataa kunakiliwa kwenye flashi ingawa nafasi ipo: flashi imeandaliwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Unaweza kuibadili kuwa exFAT, lakini televisheni nyingi za zamani haziisomi, na kuibadili hufuta kila kilichomo. Kwa skrini ya inchi 32, nakala ya 720p ya gigabaiti moja hivi inatosha kabisa.

Tatizo kubwa kuliko hayo ni manong'ono. Filamu hizi hunong'onwa, hasa ya kwanza, na maneno huwekwa kwenye spika ya katikati ya mfumo wa spika sita. Faili ya namna hiyo ikichezwa kwenye amplifaya yenye spika mbili isiyochanganya sauti ipasavyo, nyimbo zinanguruma na mazungumzo yanapotea. Watu hudhani filamu imerekodiwa vibaya. Ukicheza kwa kompyuta, ingia menyu ya sauti uchague stirio. Ukinunua kwa flashi, omba nakala ya sauti ya njia mbili. Ipime dukani: ruka mpaka saa moja na robo hivi kwenye Twilight, karibu na mchezo wa besiboli, usikilize kama maneno yanasikika bila kuongeza sauti, na uone kama miti ya nyuma inatofautiana na nguo za watu. Ikipita hapo, itapita kwingine.

Kwa kibanda cha mabati chenye mwanga unaoingia kwenye matundu, filamu ya kwanza na ya tatu zisionyeshwe mchana. Giza lao ni la buluu na kijivu, na projekta ndogo italigeuza ukungu. Kuongeza kontrasti kunazidi kuua vivuli. Ongeza gama kidogo, kutoka 1.00 hadi 1.20 kwenye VLC, na usivuke hapo. New Moon, kwa sababu ya rangi zake za joto, inavumilia mchana vizuri zaidi.

Na VJ? Kazi ya VJ inaheshimika Uganda kwa haki. VJ Jingo na VJ Junior wamefungulia filamu mamilioni ya watu wasioelewa Kiingereza. Lakini namna inavyofanyika inagongana na filamu za aina hii. Kila VJ anapofungua kinywa, sauti ya filamu inashushwa, muziki na kila kitu, na VJ halipwi kukaa kimya. Ile miezi inayopita dirishani kwenye New Moon, akiieleza, imekwisha. Mawazo ya Bella yanayosomwa juu ya picha nayo yanapambana na msimulizi, na sauti mbili za kusimulia kwa wakati mmoja haziwezekani. Kwa filamu ya kwanza na ya pili chukua sauti ya asili.

Kwa ya tano ushauri wetu ni kinyume. Hapo wanaingia vampaya wengi kutoka pande zote za dunia, kila mmoja na uwezo wake: Benjamin wa Misri, aliyechezwa na Rami Malek kabla hajawa maarufu, anaamuru moto na maji, Kate ana umeme mikononi, Zafrina anapofusha macho kwa maono. Filamu inawataja haraka na kusonga. VJ mwenye akili anawarudia, anasema huyu ndiye yule, anawapanga kama wajumbe wa koo, na mtazamaji anafika vitani akijua nani anasimama na nani. Kwa Kiswahili uchaguzi ni mdogo. Wasimulizi kama DJ Afro wa Kenya wamejijengea jina kwa filamu za mapigano zaidi, na msomaji wa Bombo, Arua au Busia anayetaka mapenzi kwa Kiswahili kwa kawaida ataishia kwenye Kiingereza au nakala ya Kiluganda.

Nakala nyingi za laibrari hazina kibali cha wenye filamu, na Uganda ina sheria ya hakimiliki ya 2006. Diski halisi nayo ni ya kutazama nyumbani. Kuonyesha kwa kiingilio kunahitaji kibali kingine. Shule zikumbuke hilo kabla ya filamu ya Jumamosi usiku.

Tukiwa kwa shule, zote tano zilipewa PG-13 Marekani. Tatu za kwanza zinafaa sekondari. Ya nne, kwa fungate na kujifungua, isiwekwe kwenye ukumbi wenye watoto wa msingi. Kuna mambo mawili ambayo matroni au kaka mkubwa asiyaache yapite bila neno. La kwanza, Edward huingia chumbani kwa Bella usiku bila ruhusa na kumtazama akilala, na filamu inalileta kama mapenzi. Kijana wa kweli akifanya hivyo, ni wa kuripotiwa. La pili ni zito zaidi. Kwenye New Moon Bella anajitupa kutoka kwenye jabali kwa kutafuta sauti ya Edward, naye Edward akidhani amekufa anakwenda kuomba auawe. Kifo kinawekwa kama uthibitisho wa penzi. Simamisha filamu hapo na uzungumze na waliokaa mbele yako, hasa ikiwa yupo aliyeachwa muhula huu.

Aliyemaliza na anataka nyingine, asikimbilie Beautiful Creatures ya 2013. Ina Viola Davis, Emma Thompson na Jeremy Irons, na ina sharti zuri (msichana anapotimiza miaka 16 atachukuliwa na nuru au giza), lakini mwisho unatatanisha. Warm Bodies ya mwaka huo huo, dakika 98, ni bora: kijana aliyekufa anayekula watu anampenda msichana hai, na hawezi kusema zaidi ya maneno machache huku kichwani anawaza kwa ufasaha wote. Usiichukue ya VJ hata kidogo, nusu ya utamu ni ile sauti ya ndani.

Kwa mtu mzima, au kijana aliyekomaa, iliyo juu ya zote ni Let the Right One In ya Sweden, 2008, ya Tomas Alfredson. Wahusika wake ni watoto wa miaka 12, lakini ni nzito na ina damu. Sharti lake ni la zamani: vampaya haingii nyumbani asipokaribishwa. Mvulana, kwa ukaidi, anakataa kutamka neno la kumkaribisha. Msichana anaingia hivyo hivyo, anasimama katikati ya chumba, na damu inaanza kumtoka machoni, masikioni, kila mahali, mpaka mvulana anapopiga kelele kwamba anamkaribisha. Sharti na malipo, chini ya dakika mbili.

Kuipata sahihi kunahitaji uangalifu. Marekani waliitengeneza upya 2010 kwa jina Let Me In, na laibrari nyingi zitakupa hiyo. Si mbaya, ila si yenyewe. Fungua faili: wakizungumza Kiswidi, uko mahali pake. Kisha angalia maandishi. Diski za kwanza zilizotoka Marekani zilikuja na tafsiri iliyopunguzwa, mazungumzo mengi yakiwa yamefupishwa au kuachwa, mpaka kampuni ikatoa nyingine yenye maandishi yale ya kwenye kumbi za sinema. Ukiona watu wanasema sentensi nzima na chini yanatokea maneno mawili, umepata ile iliyopunguzwa; tafuta faili nyingine ya maandishi, filamu yenyewe iache ilivyo.